TUMKUMBUKE MWALIMU KWA MIKONO YETU



Kila mwaka, tarehe 14 Oktoba, nchi yetu hupumzika kazi kwa heshima ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1999 katika hospitali ya St Thomas jijini London. Shule na ofisi hufungwa. Viongozi hutoa hotuba, redio hurudia sauti yake, na katika makanisa mengi huadhimishwa Misa ya kumwombea. Yote hayo ni mema, wala sisi hatuna neno la kuyapinga. Mtoto asiyemkumbuka mzazi wake ni mtoto wa namna gani?

Lakini jioni ya siku hiyo, hotuba zikiisha na viti vikirudishwa, yatupasa tujiulize swali moja. Je, yuko mtu ye yote katika mtaa wetu ambaye amepata nafuu kwa sababu leo ilikuwa siku ya Mwalimu? Yuko mjane aliyelimiwa shamba? Yuko mgonjwa aliyetekewa maji? Yuko mtoto aliyepikiwa uji wenye nguvu? Kama hayuko hata mmoja, basi hatukumheshimu Mwalimu. Tumejipamba wenyewe kwa jina lake.

Bwana wetu alisimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa na wana wawili. Alimwendea wa kwanza, akamwagiza aende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Kijana akakataa, lakini baadaye moyo ulimchoma, akaenda. Baba akamwendea wa pili, akamwagiza vile vile. Huyu akaitika upesi tena kwa adabu kubwa, lakini hakwenda. Kisha Bwana akawauliza wasikilizaji wake ni yupi kati ya hao wawili aliyetimiza mapenzi ya baba. Hata wale waliomchukia Yesu hawakuweza kukosea jibu.

Ndugu wapenzi, hotuba zetu za tarehe 14 Oktoba ndiyo itiko la yule mwana wa pili. Ni tamu, zina heshima, zina makofi. Shamba bado lina magugu.

ALIANZA YEYE MWENYEWE

Wengi wa vijana wanaosoma maneno haya hawakumwona Mwalimu kwa macho. Wamezikuta picha zake ukutani na katika noti za fedha. Basi yafaa tuwaeleze kwa nini mtu huyu akumbukwe kwa kazi kuliko kwa maneno.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943, akawa mwalimu wa shule Tabora, kisha Pugu. Mwezi Machi 1955, chama cha TANU kikiwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi ya Pugu pamoja na mshahara wake, akiwa mtu mwenye mke na watoto, bila kujua atawalisha nini. Katika Januari 1962, nchi ikiwa na wiki chache tu tangu kupata Uhuru, aliacha cheo cha Waziri Mkuu, akampisha Rashidi Kawawa, ili yeye azunguke vijijini kuliimarisha lile shina ambalo serikali yote ilitegemea. Watu walishangaa. Ni nani aachaye kiti ambacho ndiyo kwanza amekikalia?

Mwaka 1967 lilipotangazwa Azimio la Arusha, viongozi walikatazwa kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, vijana walipokuwa wakitembea kwa miguu katika pande mbalimbali za nchi kuliunga mkono Azimio, yeye naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Angeweza kuwapungia vijana mkono akiwa garini. Hakufanya hivyo. Na mwaka 1985 aliondoka katika urais kwa hiari yake, jambo lililokuwa adimu katika Afrika ya siku zile, akarudi Butiama kulima.

Hatusemi kwamba hakuwa na makosa. Yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa kama mtu asiyekosea, nasi tutayataja baadhi ya hayo huko mbele. Wala hatulitangulii Kanisa. Tangu mwaka 2005 jimbo la Musoma limeshughulikia kesi ya kumtangaza mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Neno la mwisho si letu. Lakini tazameni jina lenyewe: Mtumishi. Mtu akiitwa mtumishi, heshima impasayo ni utumishi. Kumwimbia mtumishi huku mikono imefungwa ni kumdhihaki.

Na hapa Makambako hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta alama yake. Reli ya TAZARA ipitayo mjini mwetu ni matunda ya ndoto yake, na ya Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, na ya msaada wa China. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wazee wanakumbuka jinsi kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako kilivyokuwa kigumu kuliko vyote, kwa ajili ya milima, madaraja na mahandaki yake. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ya reli ile, na wengi wamezikwa katika ardhi yetu, mbali na mama zao. Walilipwa mshahara, ni kweli. Lakini mshahara haununui uhai. Kila tusikiapo honi ya gari-moshi, na tukumbuke kwamba mji wetu umejengwa juu ya jasho la watu ambao hatutawalipa kamwe. Deni la namna hiyo hulipwa kwa njia moja tu: kwa kumtendea mwema mtu mwingine ambaye naye hataweza kutulipa.

JINSI WENGINE WALIVYOFANYA

Sisi si wa kwanza kujiuliza namna ya kumkumbuka kiongozi. Huko Marekani iko sikukuu ya Martin Luther King, mchungaji aliyeuawa mwaka 1968 kwa kutetea haki za watu weusi. Sikukuu hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 1986. Haikuchukua muda, wenyewe wakaona kwamba inageuka siku ya kulala na kununua vitu madukani. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya kuifanya siku ya kujitolea. Tangu hapo watu wengi hutoka siku hiyo kupaka rangi shule, kupika chakula cha maskini, na kuwatembelea wazee. Walisema: siku hii si ya kupumzika kazi, ni siku ya kufanya kazi.

Afrika ya Kusini nao, na Umoja wa Mataifa pamoja nao tangu mwaka 2009, wameitenga tarehe 18 Julai, siku aliyozaliwa Nelson Mandela. Siku hiyo kila mtu huombwa atoe dakika 67 za kazi kwa ajili ya wengine, kwa kuwa Mandela aliutumikia umma miaka 67. Dakika 67 ni muda mfupi kuliko mchezo wa mpira. Hata hivyo, ni nyingi kuliko sifuri.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi wahusu hao wawili, Mwalimu na Mandela. Katika miaka yake ya mwisho, Mwalimu alikuwa msuluhishi wa vita vya Burundi. Alikuwa mzee, naye alikuwa akiugua, lakini aliwaketisha Warundi Arusha, akawasikiliza siku nyingi. Kifo kikamkuta kazi haijaisha. Dunia ingeweza kumwandikia rambirambi na kuuacha mkutano ufe pamoja naye. Haikuwa hivyo. Mandela, aliyekuwa amekwisha kuustaafu urais wa nchi yake, tena mzee wa miaka zaidi ya 80, alichukua mahali pale pale alipokuwa amekaa rafiki yake. Mapatano yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Hii ndiyo maana yetu yote, na kama msomaji atasahau mengine tuliyoandika, alishike hili: kiongozi aliyekufa huheshimiwa na yule anayeliokota jembe alipoliangusha. Shada la maua juu ya kaburi hunyauka kwa siku tatu. Jembe likiokotwa, shamba huendelea.

KUJITOLEA SI KUSUKUMWA

Hapa ni lazima tuseme jambo ambalo si rahisi kulisema. Neno kujitolea limechoka katika masikio ya watu wetu. Wengi wakilisikia, wanakumbuka mgambo mlangoni, faini, na karani mwenye orodha ya majina. Wanakumbuka michango isiyokuwa na stakabadhi. Kwa hiyo mtu akisema, «Njoni tujitolee,» wao husikia, «Njoni mtumikishwe.»

Wala jambo hili halikuanza jana. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kuwataka wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara. Mwalimu alikasirika sana, akawarudisha makwao karibu mia nne, ingawa wengi wao baadaye walirudishwa masomoni. Watu hubishana hadi leo kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini siku ile ile alifanya jambo la pili ambalo halibishaniwi: alijikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijua kwamba mtu hawezi kuwadai wengine kafara ambayo yeye hakuitoa. Tungependa kila kiongozi wa mtaa, na kila padre, na kila mwenyekiti wa jumuiya aikumbuke asilimia 20 ile kabla hajapanda jukwaani kuwahimiza watu.

Mwaka 1968 Mwalimu aliandika wazi kwamba maendeleo ya watu huletwa na watu wenyewe, na kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa nguvu. Ulikuwa ukweli mtupu. Mwaka 1973 ikatoka amri kwamba watu wote wa mashambani wakae vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na katika Operesheni Vijiji watu wengi walihamishwa bila ridhaa yao, na mahali pengine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa moto. Wazee wa nyanda hizi hawahitaji kusimuliwa. Tukimheshimu Mwalimu, na tulishike neno lake la mwaka 1968, wala tusiirudie amri ya mwaka 1973. Kwa kuwa kazi iliyofanywa kwa hofu, hofu ikiondoka, nayo huanguka.

Tena upo ushahidi kwamba watu wetu, wakielezwa na kuaminiwa, hujitoa bila kusukumwa. Katika mwaka huo huo wa 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Walifanya hivyo kwa sababu walielewa faida yake, na kwa sababu jirani aliyewaongoza alikuwa mtu wa kwao, mwenye choo chake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu mwenyewe hamlazimishi mtu kumpenda. Sisi tutapata wapi ruhusa ya kumlazimisha jirani? Basi na tuseme hivi: katika kazi ya kumkumbuka Mwalimu hakuna faini, hakuna orodha ya wasiofika, hakuna kuaibishana kanisani. Anayekuja, karibu. Asiyekuja, na aombewe, wala asisengenywe. Huenda naye ni yule mwana wa kwanza, aliyekataa asubuhi akaja mchana.

SHAMBA LETU LA MIZABIBU

Labda msomaji atauliza: tufanye kazi gani? Mji ni safi kiasi, barabara ni ya lami. Ndugu, fungua macho. Mkoa wa Njombe unalisha wengine. Mahindi, maharage, viazi, alizeti, chai, mbao, na siku hizi maparachichi, vyote hutoka huku vikapita Makambako kwenda mbali. Na katika mkoa huu huu, uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Malori yanaondoka yamejaa, na mtoto anabaki na uji wa sembe mtupu.

Sababu si uvivu wa mama zao. Kinyume chake. Mama wa nyanda hizi huamka alfajiri na baridi, huenda shamba la mbali, hurudi na kuni kichwani, na mtoto ameachwa na dada wa miaka minane ambaye hajui zaidi ya kukoroga uji. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Hawezi kushiba kwa milo miwili ya siku. Ahitaji kula mara nyingi, tena maharage, mayai, maziwa, mboga na matunda, vitu ambavyo vingi vimo humu humu vijijini ila huuzwa vyote. Je, ni vigumu kwa akina mama watano wa jumuiya moja kupokezana zamu, mmoja akibaki na watoto wa wenzake siku moja katika wiki wakati wa kilimo, akiwapikia chakula kilichochangwa na wote? Hakihitajiki kiwanda wala mfadhili. Lahitajika sufuria, na mtu mwenye moyo.

Tena liko jambo la pili, zito zaidi. Makambako ni njia panda. Huku barabara ya Iringa na Dar es Salaam, huku Mbeya na mpaka wa Zambia, huku Njombe na Songea, na reli katikati. Njia panda huleta biashara, na huleta maradhi pia. Upimaji wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba mkoa wetu ulikuwa wa kwanza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, watu karibu 15 katika kila watu wazima mia. Upimaji wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha karibu 13 katika mia, na bado tulikuwa wa kwanza. Nyuma ya tarakimu hizo wako bibi wanaolea wajukuu, wako wanafunzi wasio na wa kuwatia sahihi ripoti ya shule, wako vijana waliomeza dawa tangu utotoni.

Dawa zipo, nazo ni neema kubwa. Anayezimeza kila siku huishi, hufanya kazi, huzaa watoto wasio na ugonjwa. Hatari yake ni kuacha. Na mtu huacha kwa nini? Huacha kwa kukosa nauli ya kwenda kliniki. Huacha kwa njaa. Huacha kwa sababu anaogopa jirani asimwone na chupa mkononi. Huacha kwa upweke. Tazameni: katika sababu hizo hakuna hata moja inayotaka daktari. Zote zataka jirani. Jirani wa kumsindikiza, wa kumpelekea unga, wa kukaa naye jioni. Na zaidi ya yote, jirani mwenye ulimi uliofungwa. Maana afadhali mtu asiyekwenda kumsaidia mgonjwa kuliko yule aendaye leo na kesho akatangaza dukani aliyoyaona. Kutunza siri ni nusu ya utumishi huu.

Jambo la tatu lahusu majira yenyewe. Mwenyezi Mungu ametujalia kwamba tarehe 14 Oktoba huangukia mwisho wa kiangazi, mvua zikiwa bado hazijaanza. Ndiyo wakati wa kutayarisha mashamba. Mwenye nguvu hutayarisha lake. Mjane, mzee na mgonjwa hutazama la kwao likikaa vivyo hivyo, na wakati wa mavuno ukifika hawana cha kuvuna. Watu kumi wenye majembe humaliza shamba la mjane kwa asubuhi moja. Babu zetu walijua kualikana shambani kabla hatujafundishwa neno ujamaa. Hao hao kumi, siku nyingine, wanaweza kusafisha barabara za kuzuia moto kandokando ya misitu, maana kila mwaka katika miezi hii ya upepo miti ya watu, ambayo ndiyo ada ya shule ya watoto wao, huteketea kwa uzembe wa mtu mmoja.

MASWALI YA HAKI

Mtu atasema: «Hizo ni kazi za serikali. Tunalipa kodi.» Asema kweli, nasi hatutaki kumnyamazisha. Kliniki, maji, walimu na barabara ni wajibu wa serikali, na raia mwema huudai wajibu huo bila woga. Kujitolea kusiwe pazia la kuficha uzembe wa waliolipwa. Lakini serikali, hata ikiwa njema kupita zote, haiwezi kuketi kando ya kitanda usiku. Haiwezi kumjua mtoto kwa jina. Mambo hayo aliyaweka Mungu mikononi mwa jirani, wala hayana ofisi.

Mwingine atasema: «Kijana wangu amejitolea miaka mitatu kufundisha shuleni bila mshahara, na wakubwa wanampa ahadi tu.» Huyu naye ana haki. Kuitumia nguvu ya kijana kila siku, mwaka hadi mwaka, kwa kazi iliyostahili ujira, huko si kumfundisha moyo wa kujitoa. Ni kumnyonya, na Maandiko yanasema kwa ukali juu ya ujira wa mfanya kazi uliozuiliwa. Kujitolea tunakokusema sisi ni kutoa ziada ya muda wako na nguvu zako kwa hiari, kwa mtu asiyeweza kulipa. Mwenye uwezo wa kulipa, na alipe.

Na wa tatu, mnyonge kuliko wote, atasema: «Mimi ni maskini, nitatoa nini?» Mama, wewe ndiwe uliyetoa daima. Yule mjane hekaluni alitoa senti mbili, na Bwana akamsifu kuliko matajiri. Tena kumbuka kwamba tajiri akijitolea mara nyingi hutoa kilichombakia, lakini maskini akienda kumlimia mwenzake hutoa kile kile alichokihitaji. Hatukuombi zaidi. Twakuomba usijidharau.

NAMNA YA KUANZA

Tangu miaka ya 1970 Kanisa katika nchi zetu limejengwa juu ya jumuiya ndogo ndogo za kikristo: nyumba kumi, kumi na tano, zinazosali pamoja kila wiki. Hakuna chombo kinachofaa zaidi. Jumuiya yajua ni mlango gani haujafunguliwa tangu juzi. Kwa hiyo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila jumuiya ichague kazi moja tu, ndogo, inayoweza kufanyika: shamba la mjane mmoja, zamu ya watoto, kumsindikiza mgonjwa mmoja. Ahueni kazi moja iliyomalizika kuliko kumi zilizotangazwa.

Pili, kazi hiyo ianze tarehe 14 Oktoba, na isiishie siku hiyo. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliagiza sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zisifanyike, na badala yake watu wafanye usafi, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimeenea. Nchi nzima ilishika mafagio. Ilikuwa siku njema. Lakini mafagio yaliyowekwa jioni ile, mangapi yalishikwa tena wiki iliyofuata? Siku moja ni ya kuwasha moto. Mwaka mzima ndio wa kupikia.

Tatu, kabla ya kuanza, aulizwe anayesaidiwa. Mara nyingi twampelekea mzee blanketi, kumbe yeye alitaka paa lizibwe. Tena asipigwe picha akipokea. Mtu si ubao wa matangazo.

Nne, milango isifungwe kwa dini. Tunao ndugu wengi wa KKKT, wa madhehebu mengine, na Waislamu, wanaoishi nasi ukuta kwa ukuta. Msamaria yule wa Injili hakumwuliza aliyejeruhiwa anasali wapi. Jembe likiwa shambani, halina dhehebu. Na yawezekana jirani zetu hao wametutangulia katika kazi hizi, nasi tutakuwa wanafunzi wao.

Wala waliokwisha kujitoa wasisahauliwe. Katika mji wetu wako, hata leo, wahudumu wa afya wa mitaa, wako akina mama wa WAWATA, wako watawa, wako vijana wanaobeba wagonjwa kwa baiskeli na pikipiki bila kudai kitu. Hawakungoja tarehe 14 Oktoba, wala hawasomwi redioni. Tukiitwa leo, twaitwa tujiunge nao. Atakayetaka kujua afanye nini, na amtafute mmoja wao amwulize: «Nikusaidie wapi?»

Wasomaji wapenzi, siku ya Mwalimu ijayo tutasikia tena sauti yake redioni. Sauti ile ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu hakuridhika na mwanafunzi aliyekariri somo bila kulifanyia zoezi. Somo tumelisikia miaka mingi sasa. Baba yetu wa mbinguni naye anatuita, tena neno lake ni la leo, si la kesho: nendeni shambani.

Waliokwisha kusema ndiyo, na waende. Waliokwisha kusema hapana, nao wakaribie. Mlango wa shamba haujafungwa. Mwenyezi Mungu amjalie Mwalimu Julius pumziko la milele, na atujalie sisi tulio hai mikono isiyoogopa kazi. Amina.